Majibu Yakishatoka: Kumwandaa Mgonjwa Aliyegundulika na Saratani ya Tezi Dume



Ndugu wapendwa, katika utume wetu wa kuwatembelea wagonjwa ipo habari ambayo waamini wanaume hutuletea kwa sauti ya chini kuliko nyingine zote. Hawaitaji katika jumuiya, hawaiandiki katika nia za Misa, na wakati mwingine hata mama wa nyumbani hajaambiwa. Karatasi ya majibu imekunjwa mara nne na kuwekwa katika mfuko wa shati, na maneno yanayotoka ni machache: "Padre, wameniambia nina tezi dume."

Baada ya maneno hayo mara nyingi hufuata moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoanza kutafuta mnunuzi wa shamba juma hilohilo ili wapate fedha za upasuaji ambao pengine hawauhitaji. Wapo pia wanaokaa kimya mwaka mzima, wakibadilisha dawa moja ya mitishamba baada ya nyingine, hadi siku miguu inapokataa kusimama. Hatuwezi kusema kwamba watu hawa wamepungukiwa imani. Walichokosa ni maarifa, pamoja na mtu wa kukaa nao na kuwaandaa.

Makala hii inataka kusaidia hapo. Sisi si madaktari, na maneno yetu hayachukui nafasi ya daktari anayemtibu mgonjwa. Lakini kati ya siku ya majibu na siku ya kuanza tiba kipo kipindi ambacho mgonjwa huwa nyumbani kwake, parokiani kwake, pamoja na watu wake. Kipindi hicho kikitumika vizuri, mgonjwa huingia katika tiba akiwa mtu huru, anayejua anachokubali na anachokataa. Kikipotea, wengine humwamulia, au hofu humwamulia.

Tezi dume ni kiungo, si jina la ugonjwa

Tuanze na neno lenyewe, maana linawachanganya wengi. Kila mwanamume anayo tezi dume. Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, nacho huuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya manii. Kwa hiyo kusema "nina tezi dume" ni sawa na kusema "nina figo". Swali la kumuuliza daktari ni hili: tezi yangu ina tatizo gani?

Tezi hiyo hupatwa na matatizo makubwa matatu. La kwanza ni kukua kwa kawaida kunakokuja na umri, ambako huubana mrija na kumfanya mzee aamke usiku mara nyingi, asubiri mkojo uanze, na ahisi haujaisha. Huko si saratani. La pili ni maambukizi ya tezi, ambayo huleta maumivu na homa. La tatu ndiyo saratani, yaani chembechembe za tezi zinapozaliana bila utaratibu na kuwa na uwezo wa kusambaa hadi sehemu nyingine za mwili, hasa mifupa. Saratani hii mara nyingi huanza bila dalili yoyote. Ndiyo maana mtu mwenye shida kubwa ya mkojo anaweza kukutwa hana saratani, na asiye na shida yoyote akakutwa nayo.

Umri ndio unaoongeza hatari zaidi ya yote, hasa baada ya miaka 50. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani hii ana hatari kubwa zaidi, na wanaume wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi kuliko wengi wengine. Haitokani na laana, wala si adhabu ya dhambi za ujanani, na wala haiambukizwi kwa mke. Tunayasema haya wazi kwa sababu tumeona nyumba zikigawanyika kwa tuhuma zisizo na msingi.

Muda upo, lakini si wa kuchezea

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi siku ya kwanza ni kwamba saratani ya tezi dume, katika hali nyingi, hukua polepole. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado umo ndani ya tezi kwa kawaida anao muda wa majuma kadhaa wa kukamilisha vipimo, kuuliza maswali, kutafuta maoni ya daktari wa pili na kushauriana na familia. Hapaswi kusukumwa kuamua mlangoni mwa chumba cha daktari.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoifafanua fadhila ya busara, anauhesabu utayari wa kufundishwa na wengine kuwa mojawapo ya sehemu zake, kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kuyaona mambo yote peke yake. Kwa hiyo mgonjwa anayeuliza na kusikiliza kabla ya kuamua anatimiza fadhila ya Kikristo, wala asidhaniwe kuwa anamsumbua daktari au anaonyesha imani haba.

Pamoja na hayo, zipo dalili zisizosubiri hata kesho. Mgonjwa wa saratani hii akipata maumivu mapya na makali ya mgongo, miguu ikalegea au kufa ganzi, au akashindwa ghafla kuzuia haja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda saratani imefika kwenye uti wa mgongo na inabana mishipa ya fahamu. Akichelewa anaweza kupooza moja kwa moja. Vilevile mkojo ukiziba kabisa, aende hospitali mara moja awekewe mpira wa mkojo. Familia nzima ijue dalili hizi, maana mgonjwa mwenyewe huenda akazificha.

Kuyasoma majibu

Hatua ya kwanza ya kujiandaa ni kuielewa karatasi ile iliyokunjwa. Kwa kawaida ina mambo matatu, na kila moja lina maana yake.

La kwanza ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hiki hupima protini inayotengenezwa na tezi dume. Madaktari wengi wamezoea kuitazama namba 4 kama mpaka wa tahadhari, lakini mpaka huo hubadilika kulingana na umri, na kipimo hiki peke yake hakithibitishi saratani. PSA huweza kupanda kwa sababu ya tezi iliyokua tu, maambukizi, au kuwekewa mpira wa mkojo hivi karibuni. Mtu aliyepimwa PSA peke yake, hata ikiwa juu, bado hajaambiwa kwamba ana saratani.

La pili ni majibu ya kinyama. Daktari huchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano maalumu, navyo hutazamwa kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Hapa ndipo saratani huthibitishwa na kupewa alama iitwayo Gleason, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeibuni. Alama hii huwatia watu hofu au matumaini yasiyo sahihi, kwa hiyo tuieleze. Huandikwa kama jumla ya namba mbili, kwa mfano 3+4=7. Kwa vitendo huanzia 6 na kuishia 10. Mgonjwa akiona "6" hudhani amefika katikati ya hatari, kumbe hiyo ndiyo alama ya chini kabisa, ya saratani iliyo pole. Kumi ndiyo kali kuliko zote. Tena 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini ya pili ni kali zaidi, kwa sababu namba ya kwanza huonyesha aina ya chembechembe iliyotawala. Siku hizi maabara nyingi huongeza daraja la 1 hadi la 5. Daraja hilo lisichanganywe na hatua ya ugonjwa. Daraja 2 si lazima liwe hatua ya pili.

La tatu ni hatua yenyewe, yaani saratani imefika wapi. Je, imo ndani ya tezi? Imetoka kidogo nje yake? Imefika kwenye matezi ya limfu au kwenye mifupa? Hili hujulikana kwa daktari kupima kwa kidole, kwa picha za MRI au CT-skani, na kwa kipimo cha mifupa. Si kila mgonjwa huhitaji vipimo vyote, lakini kila mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, mmejuaje kwamba haijasambaa?"

Mambo haya matatu yakishajulikana, pamoja na umri na afya ya jumla ya mgonjwa, ndipo mazungumzo ya tiba yanapokuwa na maana. Anayeuza shamba kabla ya hapo anauza bila kujua ananunua nini.

Njia zilizopo

Kwa saratani isiyo kali iliyomo ndani ya tezi, daktari anaweza kupendekeza ufuatiliaji wa karibu: PSA hupimwa kila baada ya miezi kadhaa, kinyama hurudiwa kwa ratiba, na tiba huanza pale tu ugonjwa unapoonyesha kubadilika. Wengi wakisikia hivyo hudhani wametelekezwa. Sivyo. Upo utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema waligawanywa katika makundi matatu: ufuatiliaji, upasuaji na mionzi. Baada ya takriban miaka 15, kati ya kila wanaume 100, kama 97 hawakufa kwa saratani hii, na tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo sana. Tuseme pia upande wa pili wa utafiti huo: katika kundi la ufuatiliaji, waliosambaliwa na ugonjwa walikuwa karibu mara mbili ya makundi mengine, na washiriki karibu wote walikuwa wazungu. Kwa hiyo matokeo hayo hayamhusu kila mtu kwa namna moja. Yanatuambia tu kwamba ugonjwa uliowahiwa humpa mtu nafasi ya kuchagua kwa utulivu. Na ufuatiliaji unafaa kwa yule tu ambaye kweli atarudi kliniki kila anapoitwa.

Upasuaji wa kuondoa tezi yote humfaa mgonjwa ambaye saratani haijasambaa na mwili wake una nguvu ya kuustahimili. Baada yake mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa juma moja au mawili. Madhara makubwa mawili anayopaswa kuyajua kabla ni kuvuja kwa mkojo, ambako kwa wengi hupungua katika miezi inayofuata, hasa wakifanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na kupungua au kupotea kwa nguvu za kiume. Uwezo wa kuzaa kwa njia ya kawaida huisha.

Tiba ya mionzi huua chembechembe za saratani bila kisu. Kwa kawaida mgonjwa huhudhuria siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na kila kipindi ni cha dakika chache. Huweza kuudhi kibofu na njia ya haja kubwa, na nguvu za kiume huweza kupungua taratibu. Hapa nchini wagonjwa wengi hupata huduma hii katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au katika Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambayo ni mali ya Kanisa chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali. Mgonjwa wa kutoka mbali ajiulize mapema: katika majuma hayo nitalala wapi na nitakula nini?

Saratani ikiwa imesambaa, tiba ya msingi ni ya homoni. Homoni ya kiume, ambayo sehemu kubwa hutoka katika korodani, ndiyo chakula cha saratani hii; ikiondolewa, ugonjwa hunywea. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 1941 na Charles Huggins huko Chicago, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Homoni hupunguzwa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Ikibidi, huongezwa vidonge au dawa za saratani za dripu. Tiba ya homoni kwa kawaida haiponyi kabisa ugonjwa uliosambaa, lakini huweza kumpa mgonjwa miaka ya kuishi na kumwondolea maumivu.

Uanaume, ndoa na mafundisho ya Kanisa

Hapo penye kuondolewa korodani ndipo wanaume wengi husimama na kurudi nyumbani. Wengine hutuambia waziwazi: "Padre, bora nife nikiwa mwanamume." Hatulichukulii neno hilo kwa dhihaka. Linabeba heshima ya mtu mbele ya mke, watoto na ukoo, na linastahili jibu la kweli.

Wapo wanaouliza kama Kanisa linaruhusu. Jibu ni ndiyo. Tarehe 8 Oktoba 1953 Papa Pio XII, akihutubia mkutano wa madaktari wa mfumo wa mkojo, alifafanua kwamba inaruhusiwa kuondoa hata kiungo ambacho chenyewe ni kizima, ikiwa kuendelea kufanya kazi kwake kunaleta madhara makubwa kwa mwili mzima, ikiwa hakuna njia nyingine ya kuyaepuka au kuyapunguza vya kutosha, na ikiwa faida inazidi hasara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2297, inapokataza ukataji wa viungo inatofautisha wazi unaofanywa kwa sababu za kitabibu tu. Kiungo ni kwa ajili ya mtu mzima. Anayekubali tiba hii hatendi dhambi, na hajipunguzii hadhi ya sura ya Mungu aliyoumbwa nayo.

Wapo wanaouliza kama ndoa itavunjika. Haivunjiki. Kizuizi cha kutoweza tendo la ndoa kinachotajwa katika kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa kinahusu hali iliyokuwepo kabla ya kufunga ndoa na isiyotibika. Hakihusu ugonjwa uliokuja baadaye. Ahadi ya wakati wa afya na wakati wa ugonjwa ilitolewa kwa ajili ya siku kama hizi. Mke hana sababu ya kudhani ameachwa mjane akiwa na mume, wala mume hapaswi kujitenga chumba cha peke yake kwa aibu.

Lakini ndoa kubaki thabiti hakumaanishi kwamba maumivu hayapo. Homoni zikipungua, hamu ya tendo la ndoa hupungua sana, joto kali humjia mtu ghafla, mwili huchoka na kunenepa, mifupa hudhoofika, na huzuni huweza kumwingia asiyekuwa nayo. Mama asipoambiwa kwamba hayo ni kazi ya dawa, atafikiri moyo wa mumewe umehama. Kwa hiyo tunashauri wanandoa waende pamoja kwa daktari kabla ya tiba, na waulize pamoja. Baadhi ya madhara haya yanatibika, na mazoezi ya mara kwa mara, hata kutembea kwa miguu tu, husaidia.

Tuongeze neno kwa wanaochagua sindano. Uamuzi huo ni mzuri ikiwa sindano zitapatikana kwa wakati mwezi baada ya mwezi. Zikikatizwa kwa kukosa fedha, homoni hurudi na saratani hupata chakula chake tena. Upasuaji hufanyika mara moja na haudai fedha kila mwezi, ila hauna kurudi nyuma. Kila familia ipime mambo haya kwa ukweli wa mfuko wake.

Maandalizi ya nyumbani

Baada ya kuelewa, kuna kujipanga. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, mgonjwa achague mtu mmoja wa kumsindikiza kila anapokwenda hospitali: mke, mtoto mkubwa, ndugu au rafiki wa jumuiya. Aliyepewa habari nzito husikia nusu tu ya yanayosemwa; masikio ya pili huokoa nusu nyingine.

Pili, awe na daftari moja na faili moja. Humo zikae PSA zote kwa tarehe zake, majibu ya kinyama, picha, risiti na kadi ya bima. Nakala za picha azidai. Wagonjwa wengi hurudia vipimo vya gharama kwa sababu karatasi ya mwanzo imepotea.

Tatu, aandike maswali kabla ya kuingia kwa daktari. Alama yangu ya Gleason ni ngapi? Ugonjwa umefika wapi? Njia zinazonifaa ni zipi, na kwa nini unapendekeza hii? Nikisubiri miezi mitatu kutatokea nini? Mkojo wangu na nguvu zangu zitakuwaje? Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu inalipia nini? Nitarudi lini, na nikipatwa na tatizo usiku nimpigie nani? Daktari mwema hakasirishwi na maswali haya.

Nne, amweleze daktari magonjwa mengine aliyo nayo, kama kisukari na shinikizo la damu, pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na zile za kuzuia damu kuganda. Asizifiche kwa kuogopa kukemewa. Nyingine hugongana na dawa za hospitali au huongeza kutoka damu wakati wa upasuaji.

Tano, apange mambo ya kazi, fedha na familia. Nani atasimamia shamba au duka? Mikopo iko wapi? Katika utamaduni wetu kuandika wosia huonekana kama kujiitia kifo. Sisi tunaona ni tendo la upendo na haki kwa mke na watoto, na lingefaa kufanywa hata na mzima.

Sala, mafuta na ahadi za uongo

Mgonjwa mwenye hofu ni mtu rahisi kuuziwa chochote. Tunakumbuka mwaka 2011, misururu ya magari ilivyokuwa ikielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kutafuta kikombe cha dawa. Kiu ile ya kupona ni ya kweli na yastahili huruma. Lakini yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa ili kuithibitisha imani yake, awe amevaa kanzu ya namna yoyote, hamsemei Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamfundisha mgonjwa kumwomba Bwana, kisha kumpa tabibu nafasi yake, kwa sababu tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu yuleyule. Sala na tiba havishindani.

Kuhusu Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, bado wapo wanaomwona padre mwenye mafuta kama mjumbe wa mauti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Katekisimu inaeleza katika namba 1515 kwamba yafaa kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa, na kwamba inaweza kurudiwa ugonjwa unapozidi. Basi mgonjwa asisubiri hadi aletwe kwa machela. Aje akitembea, aungame, apakwe mafuta, apokee Ekaristi, kisha aende hospitali akiwa na amani. Na ikiwa siku moja tiba ya kuponya itafika mwisho wake, Kanisa halimwachi: namba 2279 inaruhusu dawa za kutuliza maumivu, na inaihesabu huduma ya kupunguza mateso kuwa tendo la upendo. Kwa hiyo familia isimnyime mgonjwa mofini aliyoandikiwa na daktari kwa kuogopa dhambi.

Wajibu wa jumuiya

Ukimya wa wanaume huvunjwa na mwanamume anayesema. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa la Anglikana aligundulika na saratani hii mwaka 1997, wakati akiongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano; alisema hadharani, akatibiwa, na akaishi hadi mwaka 2021 akiwa na miaka 90. Nelson Mandela aligundulika mwaka 2001, akapata tiba ya mionzi, akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95. Hapa kwetu, Rais wa wakati huo Jakaya Mrisho Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwezi Novemba 2014 huko Baltimore, Marekani, naye hakuificha habari hiyo kwa wananchi.

Tunawaomba viongozi wa UWAKA katika parokia zetu watenge angalau kikao kimoja kwa mwaka wamwalike daktari aeleze jambo hili, wanaume watupu, waulize yanayowaona haya. Tunaziomba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwe na masikio kuliko midomo: siri ya mgonjwa ni yake, na ni yeye anayeamua nani aambiwe. Msaada wenye maana mara nyingi ni mdogo na wa wazi, kama nauli ya kwenda Mwanza, kitanda kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali, mtu wa kupalilia shamba lake wakati wa mionzi, au mzee aliyekwisha kupita njia hiyo akaja kukaa naye jioni moja. Sisi mapadre na watawa wa kiume nasi hatumo nje ya hatari hii. Useja hauondoi tezi dume, na tunapaswa kupimwa kama wengine.

Kwako wewe uliyepokea majibu juma hili: ifungue karatasi yako, usiikunje tena. Mwambie mkeo leo, au ndugu unayemwamini. Tafuta daftari, andika swali la kwanza, na umpigie paroko wako simu. Kwa maombezi ya Bikira Maria Afya ya Wagonjwa, na ya Mtakatifu Peregrini Laziosi, msimamizi wa wanaougua saratani, Mwenyezi Mungu akujalie nguvu ya mwili, utulivu wa moyo na madaktari wema. Amina.